Mtoto anayetazama chakula cha wengine

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unasema ulisimama Tate Britain, jumba la sanaa la London, mbele ya The Derby Day, picha ya umati kwenye siku ya mbio za farasi, ukamwona yule mtoto wa sarakasi mwenye nguo nyeupe. Baba yake amemnyooshea mikono ili waendelee na mchezo, naye amegeuza shingo anatazama chakula cha matajiri. Ukaniuliza: mchoraji alimhurumia, au alimtia humo kuipamba sikukuu tu?

William Powell Frith aliimaliza picha ile mwaka 1858. Aliyeiagiza, Jacob Bell, alimpa pauni 1,500. Ilipotundikwa kwenye maonyesho ya Royal Academy, taasisi ya sanaa ya London, watu walisongamana hadi ukawekwa uzio kuwazuia. Walikuja kutambuana: huyu bwana, huyu mtumishi, yule tapeli. Kushoto, kijana wa shamba anazuiwa na mkewe asiiendee meza ya kamari. Karibu naye kijana wa mjini ameingiza mikono mifukoni, na mifuko ni mitupu. Kulia, mwanamke aliyevaa vizuri kakaa kwenye gari la farasi, uso umepooza, na bwana aliyeegemea gari hana habari naye. Wote wamo kwenye nyasi zile zile za Epsom, uwanja wa mbio hizo, lakini masikini hamkaribii tajiri ila kwa kuuza, kuomba, kutumika au kuiba.

Mimi naamini alimhurumia. Mtoto yule, kwa jicho tu, anavuka mpaka ambao wakubwa wake hawathubutu kuuvuka, hadi kwenye kitambaa cheupe ambapo mtumishi anaandaa kambakoche. Baba anamwita kazini, tumbo linamwita kwingine. Ila Frith hakutaka kumuudhi mnunuzi. Mchana ni mzuri, rangi zimejaa, na jicho la mtazamaji linahama upesi. Hilo linaniuma kila niitazamapo.

Kwa hiyo, ukipata nafasi, nenda Royal Holloway, chuo kilicho karibu na London, ukaione picha ya mchoraji Luke Fildes ya mwaka 1874. Ni foleni ya wasio na makazi nje ya kituo cha polisi, usiku wa baridi, wanangoja karatasi ya kuwaruhusu kulala usiku mmoja kwenye nyumba ya masikini. Fildes aliwatafuta watu wa namna hiyo barabarani, akawaleta wasimame mbele yake awachore. Hapa hakuna farasi wala kambakoche. Jicho halina pa kukimbilia. Na hii nayo, siku za maonyesho, ilibidi iwekewe uzio.

Mtafute mama aliyepakata mtoto mchanga. Kaa naye kidogo, kisha uniandikie.

Baba yako