Demani Haifungwi: Maswali ya Wasomaji Msimu wa Kusi

Kusi limeingia na maswali yameingia nalo, mengi ya resi za ngalawa. Nimeyapanga kwa fujo kama yalivyokuja. Demani ni ile kamba ya kuvutia na kulegezea tanga. Zaidi ya hapo sitaeleza. Asiyejua amuulize baharia wa karibu kabla hajapanda chombo.

Resi yetu Kojani inakuja na kusi la mwaka huu halina masihara. Nina matanga mawili, kubwa na dogo. Mpinzani wangu hutweka kubwa siku zote, na mwaka jana alinipita. Nitweke lipi?

Dogo. Najua hukuja kwangu kutafuta jibu hilo, maana kijana anayeuliza hivi huwa keshaamua kubwa, anataka mzee wa kumsingizia likipasuka.

Skiza hesabu. Kasi ya upepo ikizidi mara mbili, nguvu inayolipiga tanga inazidi mara nne. Kwa hiyo noti 20 na noti 10 (noti ni kipimo cha kasi ya upepo) ni bahari mbili tofauti. Hata kutoka noti 15 kwenda 20, tofauti ambayo ukiwa umekaa ufukweni huijali sana, tanga linabeba karibu mara mbili ya mzigo. Mzigo huo unapita kwenye foromali, ule mti unaobeba tanga, unaingia kwenye mlingoti na kamba zilizofunga mirengu, ile miti inayotoka ubavuni, halafu unaikandamiza ndubi ya upande wa chini, ule ubao unaoelea nchani mwa mrengu. Ndubi ikishazama inaburuza maji. Hapo msukani anaanza kupigana na shikio, yaani usukani, na shikio lililokaa upande muda wote linakula mwendo. Wewe unaona povu na kelele unadhani unakimbia. Mwenye tanga dogo, ngalawa yake imekaa sawa, anakupita kimya kimya.

Na huyo aliyekupita mwaka jana, uliwahesabu watu aliowakalisha juu ya mrengu? Tanga kubwa ni la mwenye watu wa kulisawazisha. Yeye akiwa na wanne wazito nje na nyinyi mko wawili, hamko kwenye resi moja hata kama mmeanzia mstari mmoja. Wenye vidau vya resi aina ya Laser walilitatua hili zamani. Chombo ni kilekile cha mita 4.2, lakini kuna tanga la meta za mraba 7.06 la watu wazito, la 5.76, na la 4.7 la wepesi. Hakuna anayemcheka anayetumia dogo. Sisi bado tunaona haya.

Jambo la mwisho: uamuzi ufanyie pwani. Tanga la ngalawa limefungwa kwenye foromali urefu mzima, na la kwetu kwa kawaida halina kamba za kulipunguzia njiani. Kulibadilisha katikati ya mawimbi na watu wawili ni kutafuta kuoga.

Jee, naweza kuifunga demani kwenye mrengu ili mikono ipumzike? (Mkokotoni)

Hapana.

Kila kusi swali hili linarudi, na kila kusi najibu hivyohivyo. Ngalawa nyingi zinazopinduka kwenye resi, ukimuuliza baharia wake kwa upole, utakuta demani ilikuwa imepigwa fundo. Kipindi cha upepo kinakuja ghafla, tanga linajaa, na muda ulionao ni wa kufungua kiganja tu. Haukutoshi kufungua fundo la kamba iliyoloa na kukazwa na uzito wa tanga zima. Mikono ikichoka, izungushe demani mara moja kwenye mrengu, msuguano uubebe mzigo, ncha ibaki mkononi kwa mtu ambaye hana kazi nyingine. Simu yake aiache nyumbani.

Na wale wanaojizungushia demani kwenye mkono au kiunoni, hao siwajibu. Nawaombea dua tu.

Upepo wa tezi ukiwa mkali omo yetu inajichimbia kwenye mawimbi. Tatizo la fundi au letu?

Lenu. Upepo wa tezi unatoka nyuma na omo ndiyo mbele ya chombo, kwa hiyo watu wote rudini nyuma. Nimeona ngalawa zinateremka na upepo huku watu watatu wamekaa mbele wanashangilia, halafu omo ikizama wanamlaumu fundi aliyechonga. Ukipanda mgongo wa wimbi legeza demani kidogo, usiliache likurushe mpaka ukalichome lile la mbele yake. Wala usiende na upepo wa tezi moja kwa moja. Uache utoke kidogo pembeni, hata kama njia inakuwa ndefu. Upepo ukihamia upande wa pili bila ya wewe kutaka, foromali itavuka kwa hasira zake, na hapo kichwa cha mtu si kitu.

Mkitaka kugeuza kwa makusudi, semeni kwa sauti, kila mtu ajue kazi yake kabla shikio halijaguswa. Kuna manahodha wanaona kupaza sauti ni kukosa ujuzi. Ujuzi gani huo wa kuwashitukiza watu wako mwenyewe?

Fundi mmoja ananiambia ngalawa ya gogo la mwembe haishindi tena. Ninunue ya faiba?

Fundi huyo anauza nini?

Mzee, tulipokuwa Forodhani tuligongana wakati wa kuanza. Yeye anasema ilikuwa haki yake, mimi nasema yangu. Nani alitakiwa kumpisha mwenzake?

Hujaniambia upepo ulikuwa upande gani wa nani, na bila ya hilo hata kadhi hahukumu. Nitakupa kanuni, ujihukumu mwenyewe.

Kwenye sheria za kimataifa za resi za matanga, vyombo viwili vikikutana matanga yakiwa pande tofauti, anayepata upepo kutoka kushoto kwake anampisha anayeupata kutoka kulia. Mkiwa mnapata upepo upande mmoja na mko ubavu kwa ubavu, aliye upande wa juu wa upepo, unakotokea, anampisha aliye chini. Na juu ya hizo ipo nyingine ambayo wabishi huisahau: hata mwenye haki anatakiwa ajizuie kugonga ikiwa inawezekana. Kwa hiyo "ilikuwa haki yangu" haikufuti kosa ikiwa ulimwona unamfikia ukaendelea tu.

Resi zetu za mtaani kila kamati ina yake, na nyingi hazina kabisa. Wanakamati wanapata tisheti, wanapata spika kubwa za muziki, wanapata mgeni rasmi na kiti chake cha sofa mchangani, lakini nusu saa ya kuwaketisha manahodha na kuwaambia nani anampisha nani haipatikani. Boti ya uokozi ukiiulizia unaambiwa "wavuvi wapo". Wavuvi wapo, ndiyo, na wanavua. Ngalawa ina mirengu pande zote mbili, ni pana kuliko inavyoonekana, na mbili zikinasana kwenye mstari wa kuanzia zinakwenda pamoja mpaka mmoja avunjikiwe. Acheni nafasi. Anayeanza sekunde chache nyuma kwenye maji safi anawapita wote waliong'ang'aniana.

Vijana wa kaiti, wanaoteleza majini kwa tiara, pale Paje wanasema upepo ni noti 20. Hiyo ni kiasi gani kwa lugha ya watu?

Kilomita 37 kwa saa. Noti moja ni kilomita 1.852.

Kwa macho: bahari ikianza kutoa vipovu vyeupe hapa na pale, uko kwenye noti 7 mpaka 10. Ukiona weupe umekuwa mwingi na maji yanaanza kurushwa, ni 17 mpaka 21. Kutoka 22 kwenda juu mawimbi ni makubwa na weupe umeenea kila unapotazama. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa tahadhari upepo unapotarajiwa kuzidi kilomita 40 kwa saa na mawimbi kuzidi mita 2. Tahadhari hiyo haiwahusu wenye majahazi peke yao, inakuhusu nawe mwenye ngalawa. MV Skagit ilizama karibu na Chumbe tarehe 18 Julai 2012, katikati ya kusi, nayo ilikuwa meli ya injini.

Kitu kimoja wasichokwambia vijana wa Paje: wao wako ndani ya mwamba. Upepo ni uleule, lakini mwamba umeyazuia mawimbi. Usiutazame upepo wa Paje ukadhani umeijua bahari ya Mkondo wa Nungwi au mlango wa Fundo kule Pemba, ambako mkondo wa maji ukikutana na upepo uso kwa uso mawimbi yanasimama wima.

Mimi ni mwanamke wa Jambiani, nalima mwani. Nataka kushindana lakini kaka zangu wanasema kusi si la wanawake. Unasemaje?

Bi, hao kaka zako wanaamka saa ngapi? Mkulima wa mwani anaijua bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, na maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, kuliko nusu ya vijana wanaojiita manahodha, kwa sababu maji yakimkosea anakosa siku nzima ya kazi. Hilo ni fungu kubwa la ujuzi wa resi na tayari unalo.

Sitakudanganya kuhusu uzito. Kwenye upepo mkali mwili mwepesi una kazi zaidi, awe mwanamke au kijana mwembamba. Dawa yake nimeshaiandika hapo juu: tanga dogo, na mtu mmoja wa ziada kwenye mrengu. Mkono wako uwe mwepesi kwenye demani, legeza mapema kabla ngalawa haijalala, vuta tena inapoinuka. Wanaume wengi hushindana na upepo kwa misuli mpaka wachoke kabla ya boya la pili.

Lakini nakuuliza na mimi: unajua kuogelea? Kusimama kwenye maji ya kiunoni kila siku si kuogelea. Kama hujui, jifunze kwanza, ndani ya mwamba, maji yakiwa yametulia. Na hao kaka zako waulize swali hilohilo. Utashangaa.

Kuna mtu Pemba anauza dawa ya kufunga upepo wa wapinzani. Inafanya kazi?

Kwake inafanya. Si anauza?

Ngalawa ikipinduka mbali na pwani, tufanye nini? Mwenzangu anasema anayejua kuogelea aende kutafuta msaada.

Mwenzako asipande chombo tena mpaka alitoe hilo kichwani. Hakuna anayeondoka. Ngalawa ni mti, itaelea hata ikijaa maji, na kitu kirefu chenye mirengu kinaonekana kutoka mbali. Kichwa cha mtu mmoja kati ya mawimbi hakionekani hata na boti inayopita karibu. Na pwani inayoonekana jirani haiko jirani. Mkondo haukuulizi ulikuwa unaelekea wapi.

Kwanza hesabuni watu, kwa majina. Kisha tafuteni aliyenaswa na kamba au aliye chini ya tanga. Baada ya hapo ndiyo mshughulike na chombo, na kazi ya mwanzo ni tanga: legezeni jarari, ile kamba ya kupandishia foromali, mtoe foromali na tanga, mvifunge ubavuni visipotee. Msijaribu kuinua ngalawa na tanga likiwa limejaa maji, hamtaweza, mtachoka bure.

Hapa ndipo ngalawa inapotofautiana na vile vidau vya Laser. Kidau kinalala ubavu, mtu anasimama juu ya ule ubao wa katikati unaoshuka majini, anavuta, kinainuka, anaendelea na resi. Sisi hatuna ubao huo. Ngalawa iliyogeuka juu chini, ile mirengu na ndubi zilizokuwa zinaizuia isipinduke sasa zinaizuia isiinuke. Kuigeuza kunataka watu wote upande mmoja, na mara nyingi mrengu mmoja ufunguliwe au boti ya nje ivute. Kama hamuwezi, kaeni juu yake msubiri. Ikisimama na imejaa maji, mmoja apande na kufua maji, wengine washikilie nje mpaka mdomo uinuke juu ya mawimbi. Ule upo wa kufulia maji uwe umefungwa kwa kamba, kwa sababu usiofungwa ndio wa kwanza kwenda zake.

Laifu jaketi linanibana, siwezi kujirusha nje ya mrengu vizuri. Ni lazima?

Nunua linalokuenea. Lile la chungwa la kwenye meli limetengenezwa kwa abiria, na kweli linabana. Yapo ya watu wa matanga, mafupi, yanaacha mikono huru. Ni ghali, lakini pesa za kununua tanga kubwa ulizipata.

Resi yetu ni Agosti. Mazoezi tufanye asubuhi au jioni?

Resi inaanza saa ngapi? Kama ni saa nane mchana, fanyeni saa nane mchana, kwa sababu kusi la asubuhi mara nyingi ni pole na la mchana linapata nguvu ya jua. Wengi hujifunza alfajiri kwenye maji laini halafu siku yenyewe wanakutana na bahari wasiyoijua. Tazameni na maji pia. Kwenye bamvua tofauti ya kujaa na kupwa kwetu inafika karibu mita 4, mwamba mliopita juu yake maji yakiwa yamejaa, yakipwa uko wazi. Resi ikiangukia maji mafu, fanyeni mazoezi siku za maji mafu. Na demani, siku zote hizo, iwe mkononi.