Swali: Weusi wananyimwa mikopo ya nyumba karibu mara mbili ya wazungu, je naweza kuandika kwamba benki zinabagua?

"Kaka habari, nafanya masters, natumia data za HMDA za Marekani (kumbukumbu za maombi ya mikopo ya nyumba ambazo wakopeshaji wanaripoti kisheria). Pengo la kukataliwa mkopo kati ya weusi na wazungu ni kubwa, ila nikiingiza kipato, madeni na thamani ya nyumba linapungua sana. Msimamizi kasema basi hakuna ubaguzi. Ni kweli?"

Nzuri dada. Hapana, msimamizi wako kawahi kufunga kesi. Pengo ghafi, yaani kabla ya kuingiza vigezo, peke yake kweli halithibitishi kitu, hapo namuunga mkono, ila kupungua siyo kuisha. Watafiti wa Federal Reserve ya Boston (tawi la benki kuu ya Marekani) walikutana na jambo hili hili kwenye maombi ya mwaka 1990, wakaona data za HMDA hazina vitu ambavyo afisa mikopo anaviangalia, wakaziomba benki ziwape taarifa 38 za ziada kwa kila mwombaji, ikiwemo historia ya ulipaji madeni. Pengo kati ya wazungu na weusi pamoja na Wahispania likashuka toka pointi 18 hivi za asilimia mpaka 8 na kidogo, na hizo 8 hazikuondoka. Ilichapishwa 1996, watu wakabishana nayo miaka na miaka, we isome na wapinzani wake pia.

Sasa kuna mtego ambao wanafunzi wengi wanauingia. Hivyo vigezo unavyoingiza navyo vina historia yake. Miaka ya 1930 mitaa ya weusi ilipakwa rangi nyekundu kwenye ramani za serikali, maana yake mtaa hatari kukopesha, na ubaguzi kwenye nyumba ulikuja kupigwa marufuku kisheria 1968, kwa hiyo familia ambayo babu hakupata nyumba haikuwa na cha kumrithisha mtoto, na mtoto leo anakuja benki na malipo ya awali kiduchu, we unaingiza malipo ya awali kama kigezo halafu unasema pengo limeisha! Umelificha tu ndani ya kigezo. Kama swali lako ni "afisa anawatendea tofauti watu wenye mafaili yanayofanana?" ingiza vigezo vyote. Kama ni "nani anaishia kupata nyumba?" basi vigezo hivyo ni sehemu ya jibu, usivifute. Amua swali kwanza, modeli baadaye.

Halafu usisahau saizi ya mkopo. Kuandaa mkopo mdogo kunagharimu karibu sawa na mkubwa, faida ni ndogo, wakopeshaji wanaukwepa, kwa hiyo nyumba ya bei nafuu inaweza ikawepo sokoni na bado mwenye kipato cha chini asiweze kuinunua. Hiyo haihitaji afisa mwenye chuki.

Kwenye data zenyewe: kila ombi lina namba ya matokeo yake, toa zenye namba 6, hiyo ni mikopo iliyonunuliwa toka kwa mkopeshaji mwingine, siyo maombi. Namba 4, waliojitoa wenyewe, usiitupe bila kuicheki, maana kuna watu wanavunjwa moyo mapema wanaacha, na wale ambao hawakuomba kabisa huwaoni popote. Alama za mkopo (credit score, kipimo cha mtu anavyolipa madeni) zinakusanywa tangu 2018 ila kwenye faili la umma hazimo, liandike hilo wazi kwenye tasnifu kabla mtahini hajakuuliza.

Ukikwama kuunganisha na data za sensa niandikie, ila sema ni za mwaka gani, mpangilio wa kabla ya 2018 ni tofauti kabisa.