Vidonge 14 vya mfuko wa koti

Binti yangu,

Siku ile ulipochukua koti langu ulifue, ukakuta vidonge 14 vya saratani yangu ya damu mfukoni, ukaniuliza: "Baba, si uliniambia unameza kila siku? Kwa nini?" Nikajifanya simu inaniita. Jibu la haraka lingekuwa uongo mwingine.

Kwanza, sikusahau. Anayesahau hukiacha kidonge ndani ya pakiti. Vile nilivitoa mwenyewe, kimoja kimoja, kwa miezi minne, ili ukipita kuangalia pakiti uone nafasi tupu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi sikuficha maradhi, nilificha dawa, nikajiona mjanja.

Kwa nini? Usiku vigimbi vinakaza mpaka naamka nimeshika mguu. Asubuhi macho yamevimba, na wenzangu kazini wananiuliza nani amefariki. Ukiwa safarini, kichefuchefu hakikuulizi kama kuna mahali pa kusimama. Lakini hayo ningeyavumilia. Kilichonishinda ni kwamba saratani hii, lukemia yangu yenyewe, hainiumi popote. Kila kinachoniuma kinatoka kwenye dawa. Kwa hiyo siku nisiyomeza ndiyo siku niliyojiona mzima kabisa, na usiku wake nililala. Mtu akipewa siku kama hiyo mara moja, ataitafuta tena.

Uzima ule ulikuwa wa mkopo. Katika ugonjwa huu kipande cha kromosomu namba 9 na cha namba 22 (kromosomu ni nyuzi zinazobeba urithi ndani ya chembe) vimebadilishana mahali, na pale vilipoungana pamezaliwa protini inayoziamuru chembe za damu zizaliane bila kukoma. (Kromosomu namba 22 iliyoharibika hivyo iligunduliwa Philadelphia, Marekani, mwaka 1960, na jina la mji likabaki nayo.) Imatinibi, dawa yangu, inaiziba ile protini. Haiiui. Inaiziba kwa muda ule tu ambao dawa imo mwilini, na baada ya saa 18 hivi nusu yake imeshaondoka. Ndiyo maana inamezwa kila siku, iwe najisikia mgonjwa au la.

Nilidhani kidonge kimoja hapa na kimoja pale ni kitu kidogo. Kumbe madaktari wa London waliwafuatilia wagonjwa 87 wa ugonjwa huu, wakaweka kifaa kidogo kwenye vifuniko vya chupa zao za dawa kuhesabu zinafunguliwa mara ngapi. Matokeo waliyatoa mwaka 2010. Waliomeza zaidi ya asilimia 90 ya vidonge, karibu wote ugonjwa ulishuka hadi kiwango kinachotakiwa. Walioishia asilimia 90 au chini yake, ni kama 28 kati ya 100. Sasa piga hesabu ya baba yako: vidonge 14 katika siku 120 au zaidi kidogo. Nipo chini ya mstari, mwanangu, na mstari wenyewe ni kukosa vidonge vitatu tu kwa mwezi.

Shirika la Afya Duniani liliandika mwaka 2003 kwamba hata katika nchi tajiri ni karibu nusu tu ya wagonjwa wa maradhi ya muda mrefu wanaofuata matibabu yao inavyopaswa. Sikuandikii hilo ili nijitetee. Labda kidogo.

Ninachokionea haya kuliko koti ni hiki. Kipimo cha mwisho kilionyesha ugonjwa umepanda. Daktari akaniuliza, "Mzee, unameza kila siku?" Nikamjibu, "Kila siku, daktari." Akaniamini, akaanza kufikiria kwamba ugonjwa umeishinda dawa, pengine inibidi nihamie nyingine. Ningebadilishiwa dawa ambayo haina kosa lolote, kwa sababu ya sentensi yangu moja.

Ulitaja pia wale walioacha dawa na wakabaki salama. Ni kweli wapo. Huko Ufaransa walijaribu kwa watu ambao kwa miaka miwili au zaidi kipimo hakikuona ugonjwa kabisa, na waliacha huku wakipimwa mara kwa mara. Hata hivyo zaidi ya nusu ugonjwa uliwarudia, wakaanza dawa tena. Wale waliacha mbele ya daktari. Mimi niliacha mbele ya koti.

Juzi nilirudi nikamtajia daktari idadi kamili. Hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi. Aliniuliza ni siku zipi, nikamwambia nyingi ni za safari, na nyingine zilifuata usiku wa vigimbi. Tumehamishia kidonge kwenye mlo mkubwa wa jioni, pamoja na glasi kubwa ya maji, na kichefuchefu kimepungua. Vigimbi bado. Dawa haibadilishwi kwa sasa. Kipimo kitarudiwa baada ya miezi mitatu.

Nina ombi. Usinihesabie vidonge. Ukinihesabia nitatafuta mfuko mwingine, najijua. Niulize asubuhi vigimbi vimelalaje. Nikikujibu kwa mkato, hapo ndipo uulize la pili.

Koti limekauka. Nimelitundika, mifuko nimeigeuza nje.

Baba yako