Wasomaji Wanauliza: Kamati Baug, bustani ya mfalme kule Vadodara

SWALI: Habari za kazi dada. Mdogo wangu anasoma chuo Vadodara, Gujarat, na Desemba naenda kumwona na wanangu, mmoja ana miaka 6 mwingine 11. Anasisitiza twende Kamati Baug, eti ni bustani ya mfalme na ndani ina zuu. Sasa mi najiuliza, watoto wameshaona simba Mikumi kwa macho yao, kuna haja gani ya kwenda India kuangalia simba wa kwenye banda? Na kama tukienda tuanzie wapi? (Mama wa wawili, Morogoro)

JIBU: Nendeni dada yangu, tena nendeni asubuhi na mapema. Ila kama ni kwa ajili ya simba peke yake, kweli kabisa Mikumi imeshamaliza kazi. Kule nendeni kwa ajili ya bustani yenyewe na historia iliyolala mle ndani, wanyama iwe nyongeza.

Jina rasmi ni Sayaji Baug lakini wenyeji wote wanasema Kamati Baug, kwa hiyo ukipanda bajaji mwambie dereva hivyohivyo, na toka stesheni kuu ya treni wala sio mbali, ni kama kilomita moja tu. Iliwekwa mwaka 1879 pembeni ya mto Vishwamitri, zaidi ya ekari 100, na Maharaja Sayajirao Gaekwad wa Tatu, wakati huo mji ukiitwa Baroda na yeye bado kijana mdogo hata madaraka kamili hajakabidhiwa, alikuja kukabidhiwa 1881. Huyu mfalme mi namheshimu sana, maana ndo huyohuyo aliyefanya elimu ya msingi iwe bure na ya lazima kwenye himaya yake yote mwaka 1906, wakati Waingereza waliokuwa wanaitawala India hawajafanya hivyo kwenye maeneo yao. Na bustani hii watu wa kawaida wanaingia wanakaa kwenye nyasi wanakula chevda zao, wazee wanatembea, wanafunzi wanasoma chini ya miti.

Mkiingia mtaona saa kubwa ya maua, mishale inazunguka juu ya maua na mitambo imefichwa chini ya ardhi, wa miaka 6 hapo hatoki upesi. Halafu ingieni makumbusho, jengo lake lilikamilika 1894, na humu ndo wa miaka 11 atachanganyikiwa: kuna mifupa ya nyangumi wa buluu, yani mzima kabisa kuanzia fuvu mpaka mkia, na kuna maiti ya Misri ya kale iliyokaushwa na kuviringishwa vitambaa, na picha za wachoraji wa Ulaya ambazo mfalme alizikusanya. Tiketi ya mgeni ni ghali kuliko ya mwenyeji, usishangae.

Kwenye zuu watoto waoneshe tofauti. Simba wa India sio sawa na wa kwetu, manyoya ya shingoni ni machache mpaka masikio yanaonekana, na tumboni ana mkunjo wa ngozi unaoning'inia. Porini wamebaki Gujarat peke yake, msitu wa Gir na maeneo yanayouzunguka, sensa ya 2025 ilihesabu 891. Sasa mtoto aliyezoea simba wa Mikumi akiona hivyo maswali hayaishi, na hiyo ndo raha yake.

Jambo moja msiliruke. Mwaka 1917 B. R. Ambedkar alikuja Baroda kufanya kazi serikalini, maana mfalme ndiye aliyemlipia masomo ya New York. Msomi mkubwa, lakini kwa sababu ya tabaka alilozaliwa, lile la chini kabisa wanaloita la wasioguswa, hakuna aliyekubali kumpangisha chumba, na nyumba ya wageni aliyokuwa amejipatia watu walimfuata na fimbo wakamtoa. Akaenda kukaa chini ya mti hapo Kamati Baug, jamii ya mkuyu ule unaoshusha mizizi toka kwenye matawi, akalia, akaapa kwamba maisha yake yote atapigania watu wake. Baadaye ndo aliongoza kamati iliyoandika rasimu ya katiba ya India. Mahali hapo wanapaita Sankalp Bhoomi, yani ardhi ya kiapo, na watu wanaenda kutoa heshima. Wa miaka 11 ni mkubwa wa kutosha, mwelezee.

Desemba hali ya hewa ni nzuri, sio kama Mei ambapo joto linapita digrii 40. Alhamisi zuu huwa inafungwa, kwa hiyo mwambie mdogo wako aulizie kabla hamjatoka.

SWALI: Nimesikia huo mto wa Vadodara una mamba katikati ya mji. Ni kweli au ni stori za mitandaoni? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Ni kweli kaka. Vishwamitri ina mamba mamia na wanaishi humohumo mjini, sio wale wa kwetu wa Tana au Rufiji, ni jamii nyingine yenye pua fupi na pana. Mafuriko ya mwisho wa Agosti 2024 yaliwatoa wakaonekana mitaani, hadi juu ya paa alionekana mmoja, na vijana wa kujitolea wakishirikiana na watu wa misitu wakawakamata kadhaa na kuwarudisha. Nawapenda watu wa Vadodara kwa hilo, hawakukimbilia mapanga. Ukiwa bustanini muangalie toka darajani, ila ukingoni usishuke hata kama maji yametulia, na mtoto usimwachie mkono.

SWALI: Mi nasoma Mysuru, kusini mwa India, hapa kuna zuu ya mfalme pia. Ipi bora? (Mwanafunzi, Mysuru)

JIBU: Kwa wanyama, hiyo ya kwenu inashinda bila ubishi. Ilianzishwa 1892 na Maharaja Chamaraja Wadiyar wa Kumi, ni kubwa, kivuli kizuri, na twiga wa kwetu wapo. Tafuta na gorila wawili madume walioletwa toka Ujerumani 2021. Vaa viatu vya kutembelea, njia yake ni ndefu, na Jumanne usiende, wanafunga.