Boti ya faiba futi 19: swichi ya taa, honi inayokoroma na geji zinazodanganya

Mkuu, swali lako nimelisoma vizuri. Umenunua boti ya faiba ya futi 19 iliyokwishatumika, mashine HP 60 ya stroki nne. Kwenye dashibodi kuna swichi ya taa iliyoandikwa NAV na ANC ambayo huielewi, honi inakoroma badala ya kulia, mshale wa geji ya mizunguko ya mashine unarukaruka, na geji ya mafuta imeganda kwenye F (limejaa) hata tenki likiwa tupu. Fundi waya wa magari amekushauri ung'oe vyote ufunge dashibodi mpya.

Usifunge kitu kipya kwanza. Mimi ni nahodha wa boti za wageni kati ya Kunduchi na visiwa vya Mbudya na Bongoyo, Dar es Salaam, na umeme wa boti natengeneza mwenyewe. Kwa dalili ulizoandika, honi na mshale wa mizunguko nashuku vina chanzo kimoja, yaani waya wa hasi au vichwa vya betri. Geji ya mafuta ni kesi yake peke yake. Ukifunga dashibodi mpya juu ya hasi mbovu, baada ya miezi michache utarudi hapa na swali lile lile.

Nianze na taa, kwa sababu honi ikikoroma utaudhika tu, lakini taa ukizikosea unagongwa.

Taa hizi hazikuwekwa kumulika njia. Kazi yake ni kumwonyesha mwenzako uko wapi na umeelekea wapi. Nyekundu inakaa ubavu wa kushoto, kijani ubavu wa kulia, na kila moja inaonekana kuanzia mbele kabisa hadi nyuma kidogo ya ubavu, digrii 112.5. Nyeupe iliyo juu ya mlingoti inaonekana pande zote. Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini za mwaka 1972 zinaruhusu mpangilio huo kwa chombo cha mashine kisichofika mita 12. Wapo watakaokuambia kwamba boti yako ni ndogo, nyeupe peke yake inatosha. Ruhusa hiyo ipo, lakini ni ya chombo kisichofika mita 7 ambacho pia mwendo wake hauzidi noti 7 (noti ni kipimo cha mwendo baharini). Wewe una HP 60, utazipita noti 7 kabla hujafungua gia nusu. Unatakiwa uwe na zote tatu.

Sasa swichi yenyewe. Ina ngazi tatu. Katikati imezimwa. Upande wa NAV zinawaka zote: nyekundu, kijani na nyeupe. Huo ni wa kusafiria. Upande wa ANC inawaka nyeupe tu, na huo ni wa kukaa nangani. Ukisafiri usiku umeweka ANC, anayekuona mbele atadhani umetia nanga na atajipangia njia ya kupita kwenye omo yako, yaani mbele ya boti, na wewe unakuja. Nimeona boti nyingi zinarudi kutoka visiwani hivyo, nahodha ameona nyeupe inawaka akaridhika. Taa ziwashwe tangu jua kuzama hadi kuchomoza, na mchana pia kama huoni mbali. Mvua ya masika ikifunga upande wa Msasani, washa hata kama ni saa nane mchana.

Kabla ya kutoka gatini weka NAV, kisha zunguka boti utazame kila taa kwa macho yako. Kama nyekundu na kijani zinawaka, nyeupe haiwaki, halafu ukihamia ANC nyeupe inawaka, basi taa ni nzima. Kilichokatika ni kiungo kidogo nyuma ya swichi kinachoipelekea nyeupe umeme ukiwa NAV. Kama nyeupe haiwaki upande wowote, chomoa mlingoti utazame kitako chake. Mle ndani kuna pini mbili, na chumvi huwa imezivisha kutu ya kijani. Zisugue kwa msasa laini mpaka shaba ing'ae, pangusa, paka grisi kidogo, rudisha. Nyeupe nyingi zinazosemwa zimekufa zinafufukia hapo.

Jingine ni urefu. Nyeupe inatakiwa iwe juu ya nyekundu na kijani kwa mita 1 au zaidi. Kwenye boti za wageni tumefunga turubai la kivuli, na wengi wanaacha mlingoti mfupi ulioko tezini, yaani nyuma ya boti, chini ya turubai. Hapo taa inaonekana kwa nyuma tu, na huku mbele inakupiga wewe machoni usione kitu. Ipandishe juu ya turubai, au nunua mlingoti mrefu zaidi. Na zile taa za urembo za bluu na kijani watu wanazozungushia ubavuni, zima ukiwa safarini. Kijani ya urembo upande wa kushoto inamdanganya mwenzako, na mimi sioni kwa nini abiria wahatarishwe kwa ajili ya mapambo.

Ukishajua zako, jifunze kusoma za wengine. Ukiona nyekundu na kijani kwa pamoja na nyeupe juu yake, chombo kinakuja uso kwa uso na wewe. Kila mmoja apinde kulia. Chombo kikikatiza kutoka mkono wako wa kulia utaona nyekundu yake, na wewe ndiye wa kumpisha: punguza, au pita nyuma yake. Ukiona kijani upande wako wa kushoto, yeye ndiye wa kukupisha, ila usimwamini mpaka uone amepinda. Nyeupe peke yake ndiyo ngumu. Inaweza kuwa taa ya tezi ya chombo kinachokwenda mbele yako, chombo kilichotia nanga, au mvuvi kwenye ngalawa anayekumulika tochi. Kwa hiyo ukiona nyeupe peke yake, punguza mwendo kwanza. Usiku wa giza la mwezi kuna na wavuvi wa dagaa. Taa zao kali zinaonekana kutoka mbali, lakini pembeni ya mwanga ule kunaweza kuwa na nyavu na vyombo vingine visivyo na taa kabisa. Wapitie mbali sana.

Maboya ya kuingilia bandari ya Dar yasikuchanganye. Ukiingia kutoka bahari kuu mekundu yanakuwa kushoto kwako na ya kijani kulia, na taa zake zinamweka. Taa za chombo zinawaka moja kwa moja bila kukatika.

Honi. Boti yako hailazimishwi kuwa na honi kubwa kama ya meli, lakini lazima uwe na kitu cha kutoa mlio unaosikika. Mlio mfupi ni kama sekunde 1, mrefu ni sekunde 4 hadi 6. Mfupi mmoja: napinda kulia. Miwili: napinda kushoto. Mitatu: nimeweka gia ya nyuma. Mitano au zaidi ya haraka haraka: sikuelewi, au kuna hatari. Kwenye ukungu au mvua nzito, ukiwa unakwenda, piga mmoja mrefu angalau kila dakika 2. Kwenye mlango wa bandari, pale pantoni za Kigamboni zinapokatiza, meli ikikupigia mitano usianze kutafuta ni nani anayeambiwa. Toka kwenye mkondo wake, maana kisheria chombo kisichofika mita 20 hakipaswi kuizuia meli ambayo haina pengine pa kupita, na yeye hawezi kukukwepa hata akitaka.

Sasa kukoroma kwake. Chukua mita ya kupimia umeme, iweke kwenye volti. Pima betri mashine ikiwa imezimwa: betri ya volti 12 iliyojaa inasoma karibu 12.6. Kisha weka ncha za mita kwenye waya mbili za honi yenyewe, mwenzako abonyeze kitufe. Kama betri ina 12.6 na kwenye honi unasoma 10, umeme unapotelea njiani. Kujua ni njia ipi, ncha moja iweke kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye waya wa hasi wa honi, bonyeza tena. Hapo mita inatakiwa isome karibu na sifuri. Ikizidi nusu volti, hasi yako ni mbovu na honi haina kosa. Kama kwenye honi umeme unafika wote na bado inakoroma, ndipo ununue honi. Mpya uifunge mdomo ukiangalia chini ili maji yatoke.

Hasi mbovu utaikuta nyuma ya dashibodi, kwenye kipande cha shaba kinachokusanya waya zote nyeusi. Fungua skrubu moja, utoe waya, ukate ganda lake kama sentimita mbili. Nyuzi zikiwa nyeusi kama masizi, maji ya chumvi yameingia ndani. Kata tena na tena mpaka ukute shaba safi. Ukikata mpaka waya unakuwa mfupi na bado ni mweusi, vuta waya mpya wote. Nunua ule wenye nyuzi nyingi zilizopakwa bati, unaong'aa kama fedha ukiukata. Waya wa nyumba wenye uzi mmoja mnene usiuingize kwenye boti, mtikisiko utaukata. Kuviringisha nyuzi na kufunga selotepu nyeusi kunafaa kukufikisha gatini tu. Na fyuzi ikikatika mara kwa mara tafuta inagusia wapi, usiweke kubwa zaidi. Waya ukiwaka moto nyuma ya dashibodi, pale kwenye faiba na petroli, hutakuwa na muda wa kuuzima.

Geji nitaanza na ya volti, kwa sababu ndiyo inayokusomea nyingine. Mashine ikinguruma kwa mwendo wa kati inatakiwa isome kati ya 13.5 na 14.5. Ikibaki 12.3 betri haichajiwi, unaila tu. Sasa iunganishe na mshale wako unaorukaruka. Geji ya mizunguko inahesabu mapigo ya umeme yanayotoka kwenye koili za mashine. Volti zikianguka na mshale ukafa wakati ule ule, rektifaya, kile kifaa kinachogeuza umeme wa mashine ili uchaji betri, ndiyo ya kushukiwa. Volti zikiwa sawa na mshale unaruka, anza na vichwa vya betri. Boti nyingi zina nati zenye masikio za kukaza kwa vidole, na wimbi la kusi linazilegeza. Weka nati za kawaida, kaza kwa spana. Vichwa vilivyolegea, na kuzima swichi kuu ya betri huku mashine inanguruma, ndivyo vinavyochoma rektifaya. Kama ulibadilisha geji, tazama mgongoni kwake kuna kiteuzi chenye namba za poli, yaani ncha za sumaku ya mashine inayozalisha umeme. Kikiwekwa pasipo sahihi, geji inasoma vizuri tu lakini namba za uongo. Kitabu cha mashine kinasema namba gani.

Jambo moja ambalo fundi wa magari anaweza asilijue: kwenye mashine za nje kuna waya wa kuzimia injini. Kwenye Yamaha kwa kawaida ni mweupe. Ukiupelekea umeme wa betri unaichoma CDI, kile kisanduku kinachosimamia cheche za mashine, na bei yake inazidi dashibodi yote. Asiguse waya hizo kwa kubahatisha.

Geji ya mafuta inasoma ukinzani (kwa omu) wa floti, yaani kielea kilichomo kwenye tenki. Kuna aina mbili. Ya Kimarekani ni omu 240 tenki likiwa tupu na 33 likijaa. Ya Ulaya ni kinyume, karibu 10 tupu na 180 limejaa. Aliyekuuzia akibadilisha tenki akaweka floti ya aina nyingine, geji itasema uongo maisha yake yote. Chomoa waya wa alama S mgongoni mwa geji. Kama ni ya Kimarekani na mshale ukashuka E (tupu), geji ni nzima. Waya unagusa hasi mahali au floti imekwama. Ikibaki F, geji ndiyo mbovu. Kama ni ya Ulaya, kuganda kwenye F kunaonyesha waya umekatika. Zima umeme kabla ya kuchomoa na kuunganisha, na fungua madirisha na mifuniko yote mvuke wa petroli utoke. Hata ikipona, isome boti ikiwa imetulia, kwa sababu omo ikinyanyuka mafuta yanakimbilia nyuma.

Kwenye joto la mashine sitakaa sana. Kila ukiwasha tazama nyuma kama mashine inatema maji. King'ora kikilia, shusha gia, zima, inua mashine utazame tundu za kuvutia maji. Huku kwetu utakuta mfuko wa plastiki au mwani.

Ukishapima niandikie hapa volti za betri mashine imezimwa, volti mashine ikinguruma, na volti kwenye honi ukibonyeza. Taja pia aina ya mashine na namba iliyoandikwa mgongoni mwa geji ya mafuta, nitakuambia floti ya kununua.