Sanduku letu, ufunguo wa mtu

Kikoba chetu hapa Tanga kina sanduku la chuma lenye makufuli matatu. Funguo wanazo wanachama watatu: mmoja Makorora, mmoja Ngamiani, mmoja Chumbageni. Mwenyekiti haruhusiwi kushika hata mmoja. Mshika ufunguo asipofika Jumapili, sanduku halifunguki, tunakunywa chai tunaagana. Hakuna anayenung'unika, maana ndivyo tulivyokubaliana.

Mimi ndiye mtunza hesabu. Hisa, mikopo, faini za kuchelewa na mfuko wa jamii vyote vilikuwa kwenye laptopu yangu, na laptopu hiyo niliinunua mkononi ikiwa imeshawekewa kila kitu: Windows ya kukraki, programu ya ofisi ya kukraki, na antivairasi iliyokwisha muda wake. Sikuuliza. Nani huuliza?

Jumapili ya kuvunja mzunguko, watu wamejaa barazani, nafungua jedwali, juu pametokea bango: programu haijaidhinishwa. Faili limefunguka, namba naziona, ila kila nikigusa kisanduku niandike, inagoma. Mama mmoja, yule wa ufunguo wa Ngamiani, akainama begani kwangu.

"Mwanangu, pesa zetu zimo?"

"Zimo, mama. Ila imenigomea kuandika."

"Amekugomea nani?"

Sikuwa na jibu. Tuligawana kwa daftari na kikokotoo cha simu, tukamaliza saa mbili usiku, na kuna aliyeondoka bila kuniaga.

Kosa lilikuwa langu, na anayetumia kitu cha wizi hana pa kulalamikia. Lakini usiku ule nililala nikiwaza: hata ningekuwa nalipia kila mwezi, hali ingekuwa ileile siku nitakayokosa ya kulipa. Pesa tumezifungia makufuli matatu yetu wenyewe, halafu hesabu zake nimezifungia kwenye programu ambayo ufunguo wake anao mtu nisiyemjua. Tangu hapo, kabla ya kuweka kitu chochote kwenye kompyuta au simu, najiuliza swali moja: siku nikitaka kuhama, nitahama na vyombo vyangu?

Ndipo nilipoingia kwenye programu huria, zile ambazo msimbo wake, yaani maandishi yanayoiunda programu, uko wazi na leseni inamruhusu yeyote kuusoma, kuubadilisha na kuugawa. Vijana wa kompyuta watakwambia ufute Windows leo leo. Usiwasikilize, angalau kwa mwanzo. Anza na mafaili. Mimi niliweka LibreOffice, programu huria ya ofisi, kwenye Windows ileile, nikaitumia miezi kadhaa hadi mkono ukazoea Calc, sehemu yake ya majedwali.

LibreOffice yenyewe ina historia ya kuhama na vyombo. Ilizaliwa 2010, baada ya kampuni ya Oracle kuinunua kampuni ya Sun iliyokuwa na OpenOffice.org, programu huria ya ofisi iliyoitangulia. Waandishi wengi wa programu ile hawakuridhika na mwelekeo, wakachukua msimbo, wakaanzisha The Document Foundation, wakaendelea na kazi. Leseni iliwaruhusu. Na ni ruhusa hiyohiyo iliyowawezesha watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka 2004, kutoa OpenOffice ya Kiswahili kwa jina la Jambo OpenOffice, bila kungoja mwenye mali aamue kama Waswahili ni soko.

Hifadhi kazi zako kwa .ods (majedwali) na .odt (barua na maandishi). Miundo hii ni kiwango cha ISO, shirika la kimataifa la viwango, tangu 2006, yaani maelezo ya jinsi faili linavyojengwa yamechapishwa na yeyote anaweza kuandika programu ya kulisoma. Nilitaka kujionea. Nikatoa nakala ya faili la kikoba, nikabadilisha mwisho wa jina kutoka .ods kuwa .zip, nikalifungua. Ndani mlikuwa na mafaili kadhaa, moja likiitwa content.xml. Nikalifungua kwa programu ya kawaida ya kuandikia. Ni msitu wa alama mtupu, lakini katikati ya msitu nikaona "Faini ya kuchelewa", na hatua chache mbele, 1000. Hata LibreOffice ikifa kesho, elfu moja hiyo nitaipata.

Maudhi yapo, nisikufiche. Nilipokuja kuiacha Windows, barua ya kwanza niliyopeleka kwenye ofisi moja ilifika imevurugika, saini imekimbilia ukurasa wa pili. Sababu ni fonti, yaani mtindo wa herufi: barua iliandikwa kwa Calibri, mashine yangu haina Calibri. Dawa yake ni fonti ya Carlito, ambayo herufi zake zina upana uleule, na Liberation Serif badala ya Times New Roman. Na kama mtu anasoma tu bila kuhariri, mpelekee PDF, yaishe. Jambo jingine: ukiona mistari myekundu chini ya kila neno la Kiswahili, badilisha lugha ya waraka iwe Kiswahili. Kamusi ipo, ingawa vitenzi virefu bado vinaishinda.

Windows niliiacha baadaye, na ni umri wa laptopu ulionisukuma. Haikukidhi masharti ya Windows 11, na masasisho ya kawaida ya Windows 10 yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Nikaweka Linux Mint, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, toleo lake la Xfce ambalo ni jepesi, na laptopu yangu ya RAM GB 4 inalimudu. Faili lake ni karibu GB 3, kwa hiyo pakua kwa bando la usiku au mwombe aliye nalo akunakilie kwenye flashi. Hapa kunakili si wizi. Kisha iwashe kompyuta kutoka kwenye flashi hiyo, uijaribu bila kugusa diski: sauti inatoka? Wi-Fi inashika? Printa inachapa? Printa yangu inachapa, ila skana yake nimehangaika nayo hadi nikakubali yaishe, sasa naskani kwa simu.

Wakati wa kuiweka Mint utakuta chaguo la kuifunga diski kwa nywila (encryption). Kubali. Laptopu ikiibwa, au ukiipeleka kwa fundi kubadilishiwa kioo, picha zako hazitasomeka bila nywila. Lakini nywila hiyo ukiisahau hakuna kitufe cha "nimesahau". Umejifungia nje ya nyumba yako mwenyewe.

Kwenye simu nimekuwa mpole zaidi. WhatsApp ninayo, maana kikoba kizima kiko huko, na sitawahamisha akina mama arobaini kwa sababu ya msimamo wangu. Sijabadilisha mfumo wa simu pia. Programu nyingi za benki hukataa kufanya kazi kwenye simu iliyobadilishwa mfumo, na M-Pesa naitumia kwa *150*00# kama kawaida. Nilichofanya ni kuweka F-Droid, duka la programu huria, nikachukua mbili tatu. OsmAnd inanipa ramani bila bando. Ramani zake zinatoka OpenStreetMap, ileile ambayo wanafunzi na wakazi wa Dar es Salaam waliijaza mitaa inayofurika kupitia Ramani Huria kuanzia 2015. Na KeePassDX inanitunzia nywila. Faili lake la .kdbx linafunguka pia kwa KeePassXC kwenye laptopu, kwa hiyo nywila zangu zinakaa kwenye faili moja ninalolishika mwenyewe.

Nakala, nakala, nakala. Programu huria haikuzuii kumwaga chai juu ya kibodi. Nina nakala ya mafaili kwa dada yangu, na kila baada ya miezi kadhaa naifungua kwenye kompyuta yake nione kama kweli inafunguka. Mara ya kwanza kujaribu, haikufunguka: flashi ilikuwa imekufa siku nyingi, nami nilikuwa naitegemea.

Nakala ya pili ya hesabu ipo kwenye flashi nyingine, na faili lake nimeliwekea nywila. Nywila hiyo nimeiandika kwenye karatasi, nikaifunga kwenye bahasha, bahasha anayo mwenyekiti, yeye asiyeshika ufunguo. Flashi nikaipeleka mkutanoni, nimeizungushia nailoni. Makufuli yakafunguliwa, moja, mbili, tatu, nikaiweka kando ya vitabu vya hisa. Mama wa Ngamiani akaichungulia.

"Hii ndiyo ile iliyokugomea?"

"Hapana, mama. Hii ni yetu."

Akamgeukia katibu. "Andika kwenye daftari basi. Flashi moja."

Katibu akaandika, sanduku likafungwa.