Bibi harusi amekonda kwenye kompyuta, kwenye kamera yuko sawa

SWALI: Shikamoo fundi. Nina studio ndogo hapa Nkuhungu, Dodoma, napiga picha na video za harusi, sendoff na kipaimara. Nimepata kamkoda ya mtumba inayorekodi AVCHD (aina ya faili za video za HD) kwenye memori kadi, na kazi yake ya kwanza ilikuwa harusi moja kule Mvumi. Nikiangalia kwenye kioo cha kamera, picha ni safi kabisa. Nikiziburuta faili kwenye programu ya kuhariri, watu wamekonda na kuna weusi kushoto na kulia. Akina mama wakipiga ngoma ya muheme, mikono inatoa mistari kama meno ya kitana. Halafu ibada niliyorekodi mfululizo imekuja vipande vipande, na pale vinapoungana sauti inaruka. Mwenzangu anasema nizigeuze faili zote ziwe MP4 kwanza. Mwingine anasema kamera imekufa, niirudishe nilikoinunua. Nifanyeje? Mwenye harusi anapiga simu kila siku.

JIBU: Marahaba. Kamera usiirudishe, na faili usizigeuze. La kwanza kabisa ni ile kadi: kama hujaifuta, itoe kwenye kamera, sukuma ile swichi ndogo ya pembeni kwenye upande wa kufunga, uiweke kabatini. Utaihitaji, nitakueleza kwa nini.

Kamera ikicheza picha vizuri yenyewe, maana yake ilichoandika kiko sawa. Shida ni jinsi programu inavyokisoma, na jinsi ulivyohamisha faili. Una matatizo matatu yenye vyanzo vitatu tofauti, ndiyo maana ushauri wa "geuza MP4" siupendi. Ukigeuza faili wakati zinasomwa vibaya, kosa linaandikwa ndani ya picha. Aliyekonda anabaki amekonda, ile mistari inagandishwa humo humo, na baada ya hapo hakuna mpangilio utakaokusaidia.

Pakua MediaInfo, ni programu ya bure na ndogo. Fungua klipu moja humo usome mistari michache: upana na urefu wa picha, uwiano wa kuonyeshea, aina ya skani, na idadi ya fremu kwa sekunde. Nina hakika karibu yote kwamba utakuta upana 1440 na urefu 1080, huku uwiano ukiandikwa 16:9. Hapo ndipo bibi harusi alipokondea.

Piga hesabu. 1440 ukigawa kwa 1080 unapata 1.333, yaani umbo la 4:3 la televisheni za zamani. Ili picha iwe 16:9 ni lazima ifike 1920. Kamkoda nyingi za HDV (zile za HD zinazotumia mkanda), na za AVCHD zikiwekwa kwenye ubora wa chini, huhifadhi pikseli 1440 tu kwa upana ili kubana nafasi, halafu huacha ujumbe kwamba kila pikseli ivutwe kwa upana mara 1.333 wakati wa kuonyesha. Kamera inaujua ujumbe huo, VLC, ile programu ya kuchezea video, nayo inaujua. Programu yako ama haikuusoma, ama ulifungua mradi wako kwa pikseli za mraba, yaani zisizovutwa. Kwa hiyo picha ya 1440 imekaa katikati ya fremu ya 1920, zimebaki pikseli 480 tupu, 240 kila upande. Huo ndio weusi unaouona. Watu nao wamebaki na robo tatu ya upana wao.

Dawa ni kuirekebisha klipu yenyewe, huko kwenye orodha ya faili, kabla hujaishusha kwenye taimulaini. Kwenye programu ya kuhariri ya Premiere bonyeza klipu kwa kitufe cha kulia, nenda Modify, kisha Interpret Footage, na kwenye Pixel Aspect Ratio uchague HD Anamorphic 1080 (1.333). Kwenye DaVinci Resolve jambo hilo liko Clip Attributes. Kwenye Shotcut fungua Properties za klipu uandike uwiano wa 16:9. Unaweza kuchagua klipu nyingi kwa pamoja, lakini angalia kwanza zote ni za aina moja. Kamkoda hizi mtu akibadilisha ubora katikati ya sherehe, kadi moja inakuwa na klipu za 1440 na za 1920, na ukizivuta zote kwa mkupuo, zile za 1920 zitanenepa. Mradi wenyewe uweke 1920 kwa 1080, pikseli za mraba, fremu 25. Usikubali programu ijipangie mradi kwa kufuata klipu ya kwanza uliyoitupia, hasa kama ya kwanza ilikuwa video ya simu ya shangazi iliyorekodiwa kwa kusimama.

Kuna vijana wanaovuta picha kwa kipanya mpaka weusi uishe. Naomba usifanye hivyo. Upana na urefu vikivutwa pamoja, picha inafika 1920 kweli, ila urefu unakuwa 1440, kwa hiyo unakata pikseli 180 juu na 180 chini. Vilemba na viatu vinaondoka, na watu bado ni wembamba.

Kujua kama umepatia, usitegemee sura za watu; kila mtu ana sura yake. Tafuta klipu uliyopiga gari la maharusi kwa ubavu, simamisha picha, chukua rula upime tairi kwenye kioo cha kompyuta. Upana na urefu vikilingana, umemaliza. Kabla ya kurekebisha, tairi la sentimita 8 kwenda juu litakuwa na sentimita 6 kwenda pembeni.

Sasa mikono ya akina mama. Huu si ugonjwa. MediaInfo itakuandikia Interlaced, na utaratibu Top Field First. Kamera yako, kama ni ya mfumo wa PAL, yaani wa fremu 25, inaandika fremu 25 kwa sekunde, lakini kila fremu ni nusu mbili: kwanza mistari yote ya namba witiri, kisha, baada ya moja ya hamsini ya sekunde, mistari ya namba shufwa. Mchungaji aliyesimama mimbarini hasogei kitu katika muda huo, kwa hiyo nusu mbili zinakaa juu ya nyingine na huoni tofauti. Mkono wa mpiga muheme umeshahama. Mistari witiri inauonyesha ukiwa juu, mistari shufwa inauonyesha umeshuka kwenye ngozi, na kompyuta inazionyesha nusu zote mbili kwa pamoja. Televisheni za zamani za kioo kinene zilizichora moja baada ya nyingine, wala hakuna aliyelalamika.

Kwa hiyo usiifute mistari hiyo kwa vichujio vya kulainisha picha. Ambia programu ukweli: klipu ni ya nusu mbili, nusu ya juu ndiyo ya kwanza. AVCHD na HDV ziko hivyo; DV ya mkanda huanza na nusu ya chini. Ukiupindua mpangilio huo wa nusu, mwendo unakwenda mbele unarudi nyuma, mkono unatetemeka kama una homa, na hilo ni baya kuliko mistari yenyewe. Klipu ikisomwa sawa ndani ya mradi wa fremu kamili, Premiere itazitenganisha nusu hizo yenyewe. Kwenye Resolve weka alama kwenye Enable Deinterlacing. Shotcut hufanya kazi hiyo na inakuachia uchague njia wakati wa kutoa video. Chagua Bwdif au Yadif, si ile ya haraka.

Hapa pana uamuzi wako. Ukitoa fremu 25, programu inaunganisha au inatupa nusu ya mwendo. Kwa hotuba na ibada haina neno. Kwa ngoma, mimi natengeneza mradi wa fremu 50, kila nusu inakuwa fremu yake, na mikono inashuka kwenye muheme kama ilivyoshuka siku ile. Laptopu ya zamani italalamika na kurenda, yaani kutoa video iliyokamilika, kutachukua muda. Kama mteja bado anataka DVD, acha nusu zake zilivyo, kwa sababu DVD inazipokea hivyo hivyo.

Jambo moja la kuangalia kwa kuwa kamera ni ya mtumba: MediaInfo ikisema fremu 29.97, basi kamera ilitengenezwa kwa soko la Marekani au Japani. Mradi uwe wa 29.97, usilazimishe 25, maana mwendo utakuwa wa kukwamakwama. Na ukirekodi ukumbini kwenye taa za tyubu, umeme wetu ni wa mizunguko 50, kwa hiyo picha inaweza kupepesa. Weka shata kwenye 1/50 au 1/100, kama kamera inakuruhusu.

Sasa ile ibada, na hapa ndipo kadi inapohitajika. Nadhani uliingia ndani ya folda mpaka ukaziona faili za MTS, ukazikopi zenyewe ukaacha kilichobaki. Karibu kila mtu hufanya hivyo. Kamkoda hukata rekodi ndefu kila faili inapofika kiasi cha GB 2 au 4, kwa sababu FAT32, mfumo wa kupangia faili kwenye kadi nyingi, hauruhusu faili kuzidi GB 4. Taarifa za jinsi vipande vinavyoungana zimeandikwa kwenye folda za jirani, CLIPINF na PLAYLIST. Bila hizo, programu inaona rekodi mbalimbali zisizojuana, na sauti iliyokatwa katikati inapotea kidogo pale mwisho.

Rudi kwenye kadi, kopi folda yote ya PRIVATE kama ilivyo, usibadilishe jina la kitu chochote ndani yake. Kila kadi iwe na folda yake yenye tarehe na jina la kazi, kwa sababu kadi ikifomatiwa kamera nyingi huanza tena na 00000.MTS, na ukizimwaga zote mahali pamoja, harusi ya Mvumi itafutwa na kipaimara cha wiki inayofuata. Kisha ingiza klipu kwa kutumia Media Browser ya Premiere, si kwa kuburuta. Ibada itatokea ikiwa klipu moja.

Na kama kadi ulishaifuta? Kwenye Windows fungua Command Prompt ndani ya folda ya faili, andika copy /b 00003.MTS+00004.MTS ibada.MTS, kwa mpangilio ule ule zilivyorekodiwa. Hii ni kwa vipande vya rekodi moja tu, na diski iwe imefomatiwa kwa mfumo wa NTFS au exFAT, la sivyo faili kubwa itagoma njiani.

Kitu ambacho hukukitaja, nami nashukuru, ni vile vijisanduku vya rangi vinavyotawanyika kwenye picha. Ukiviona siku moja, icheze klipu kwenye kamera. Vikiwepo kwenye kompyuta tu, kopi ni mbovu, kopi upya. Vikiwepo hata kwenye kamera, kadi ina kasoro, au kama ni kamera ya mkanda, hedi inayosoma mkanda imechafuka, na kwa upepo na vumbi la Dodoma miezi ya kiangazi, ni jambo la kutegemea.

Bado ikigoma, nitumie maandishi ya MediaInfo na sekunde 10 za faili halisi, kipande cha ngoma ndicho kizuri. Kwa WhatsApp itume kama dokumenti. Ukiituma kama video inabanwa upya njiani, na ninachopokea si faili ya kamera yako tena.